Tele imeungua, kitabu kinaniletea usingizi: nianzie wapi?

Swali: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi, nauza vitenge sokoni. Tele yetu iliungua siku kuran, yaani umeme, iliporudi kwa nguvu, nikaamua nisinunue nyingine. Sasa jioni zimekuwa ndefu. Shuleni nilipenda historia, nikasema wacha nirudie kusoma. Ndugu mmoja wa parokiani akaniazima kitabu kinene cha Profesa Ndaywel juu ya historia ya Kongo. Kila usiku nakifungua, nasoma kurasa tatu, usingizi unanishika. Mpaka leo bado niko kwenye habari za watu wa zama za mawe. Babu yangu aliletwa huku toka Kasai kufanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, na mimi nataka kujua habari za watu kama yeye. Nianzie wapi? Na nitajuaje kama mwandishi anasema kweli? Mwanangu mkubwa ananiambia ninunue tu tele, eti mimi si mtu wa vitabu.

Jibu:

Mama, kwanza nikuondolee lawama. Kitabu ulichoazimwa, Histoire générale du Congo, kilitoka mwaka 1998 na kina kurasa karibu elfu moja. Kinaanza na watu wa kale kabisa wa nchi hii na kufika hadi kuanguka kwa Mobutu. Ni kazi kubwa, na mimi mwenyewe sikai mbali nacho, lakini nakifungua ninapotafuta jambo fulani. Kukisoma mfululizo toka ukurasa wa kwanza ni kama kutaka kumaliza gunia la unga kwa sababu tu limeshaingia nyumbani. Wanafunzi wa historia chuoni hawakisomi hivyo. Wanatazama orodha ya sura, wanaenda moja kwa moja kwenye lile walilotumwa, wanaandika, wanafunga.

Kwa hiyo usikirudishe parokiani, omba muda zaidi. Utakihitaji. Ila kwa sasa tuanze na babu yako.

Umesema aliletwa toka Kasai. Lini? Swali hilo moja litakutembeza kwenye vitabu vingi bila kusinzia, maana jibu lake linabadilisha kila kitu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika huku mwaka 1910 ikitokea kusini, upande wa Rhodesia, na mwaka huohuo mji wetu wa Lubumbashi ukaanzishwa kwa jina la Élisabethville. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa. Katika miaka hiyo ya mwanzo wafanyakazi walichukuliwa kwa mikataba mifupi, wengi wakitoka ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na wake zao wakibaki kijijini. Waliugua, walikufa, walitoroka, na kampuni ikawa kila mara inatafuta wengine. Kuanzia mwaka 1928 ikageuza mwenendo: mkataba wa miaka mitatu, mwanamume aje na mkewe, watoto wazaliwe kambini, wasomeshwe na wamisionari, wawe wafanyakazi wa kesho. Watu wakaandikishwa Kasai, Lomami, hata Ruanda-Urundi. Usije ukadhani kampuni ilishikwa na huruma. Ilipiga hesabu ikaona kuleta mtu mpya kila baada ya miezi kadhaa ni ghali kuliko kuituliza familia moja mahali pamoja.

Sasa yachukue haya uyapeleke kwa wazee wa ukoo wenu. Babu alikuja peke yake au na bibi? Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Kasai au kambini? Nani alirithi sanduku lake? Familia nyingi za hapa bado zina buku la kazi la babu, limefungwa kwenye nailoni pamoja na cheti cha ubatizo, na hakuna anayelifungua. Lifungue. Tafuta tarehe ya kuandikishwa, jina la kambi, na mahali alipotokea. Vitu hivyo vitatu ukivipata, utakuwa na la kumuuliza mwandishi yeyote, na ndipo vitabu vinapoanza kuongea na mtu.

Kitabu cha kwanza ninachokushauri ni cha Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi. Kinaitwa Bana Shaba abandonnés par leur père, kilitoka mwaka 2001, na kinahusu familia za wafanyakazi wa Katanga toka 1910 hadi 1997. Humo utaona jinsi kampuni ilivyojifanya baba wa kila nyumba: nyumba ni yake, posho ni yake, hospitali na shule ni zake, na mzee wa watu akabaki na neno dogo juu ya watoto wake mwenyewe. Kisha Gécamines, iliyorithi migodi hiyo baada ya serikali kuitwaa mwaka 1967, ikaanguka, na baba huyo akawaacha wanawe njiani. Ni kitabu cha mtaalamu, sikufichi, kina kurasa kavu. Lakini mwandishi alikaa na wazee wa kambini akawasikiliza, kwa hiyo wewe uliyekulia hapa utakutana na mambo uliyoyasikia jikoni kwenu. Zile kurasa za nadharia mwanzoni, ziruke. Hakuna polisi wa kusoma.

Tuje kwenye usingizi. Kabla ya kujilaumu kwamba si mtu wa vitabu, pima macho. Mtu akivuka miaka arobaini, macho huchoka na maandishi ya karibu hata kama anaona mbali vizuri, na uchovu huo hujificha: hauumi, unaleta tu uzito wa kope. Unajua uko hivyo ukijikuta unasogeza kitabu mbali ili uone. Miwani ya kusomea inatibu jambo hilo, na nimeona watu wazima waliojiita wavivu wakapona uvivu kwa miwani. La pili, mwanga. Taa moja ya sola iliyoning'inia juu ya mlango inatosha kula bukari, yaani ugali, haitoshi kusoma. Iweke mezani, upande wako wa kushoto kama unaandika kwa mkono wa kulia. La tatu, usisome kitandani. Mwili wako ulishazoea kwamba kitanda ni cha kulala, unautaka ufanye nini?

Na usome saa ileile uliyokuwa ukikaa mbele ya tele. Saa hiyo ndani ya mwili wako bado iko wazi, inangoja kitu. Watu wengi wanaoacha televisheni huijaza saa hiyo na simu, na baada ya mwezi wanashangaa mbona hawajasoma lolote. Kurasa kumi kwa jioni zinatosha kabisa. Kalamu ya risasi mkononi, daftari dogo pembeni la majina ya watu na miji. Historia inawashinda wengi kwa ajili ya majina tu: ukifika ukurasa wa ishirini umeshasahau nani ni nani, na aibu inakufanya uendelee bila kuelewa. Na Kifaransa, kwa kuwa umesoma shule na kukiacha muda mrefu, usikimbilie kamusi kila mstari. Neno likirudi mara tatu na bado hulielewi, hilo ndilo la kutafuta.

Ukishakuwa na kambi ya babu mkononi, nenda kwenye mgomo wa Desemba 1941. Nakupeleka huko kwa makusudi, kwa sababu ulitokea hapahapa, na kwa sababu unaonyesha vizuri jinsi habari ya nyumbani inavyofungwa na habari ya dunia. Ubelgiji ilikuwa imeshikwa na Wajerumani. Kongo ilibaki upande wa Uingereza na wenzake, na vita ilitaka shaba kwa wingi. Bei za vitu zikapanda, mishahara ya wafanyakazi Weusi ikabaki chini. Watu wakagoma, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, na tarehe 9 Desemba askari wakafyatua risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea wenzake, aliuawa. Waliokufa walikuwa makumi, na mpaka leo hesabu ya serikali ya wakati ule na hesabu ya watu hazipatani. Ukisoma habari hizo katika kitabu cha Ndaywel utaona ameziweka ndani ya nchi nzima. Ukizisoma kwa waandishi wa Lubumbashi utasikia uwanja wenyewe. Sasa hapo kile kitabu kinene kinakutumikia.

Nimekwisha kutaja Kifaransa mara nyingi, na najua utauliza: je, kwa Kiswahili hakuna? Vipo vichache, na kimoja ni chetu kabisa. Mwaka 1965 watu waliokuwa wametumika kama maboi katika nyumba za Wazungu wa mji huu waliamua historia yao iandikwe. Aliyeiandika ni André Yav, na akaiita Vocabulaire de ville de Elisabethville, yaani kamusi ya mji, ingawa si kamusi hata kidogo. Ni historia ya mji kama ilivyoonekana toka jikoni na uani: Wazungu wa kwanza, namna walivyowatendea watumishi, kazi, mshahara, vita. Imepigwa kwa mashine ya kuandika, kurasa thelathini na kitu, katika Kiswahili hikihiki tunachoongea sokoni.

Ukikiona mara ya kwanza utaogopa. Nukta ziko chache, maneno mengine yameshikana, mengine yamekatwa katikati. Johannes Fabian, mtaalamu aliyefundisha Amsterdam na ambaye alifanya utafiti wake hapa Katanga, alipotaka kukitoa, hakukielewa kwa macho. Ilibidi Kalundi Mango, mwenye Kiswahili cha hapa, akisome kwa sauti, na ndipo sentensi zikajitenga zenyewe: hapa mtu anapumua, hapa anauliza, hapa anacheka. Wakakitoa mwaka 1990, maandishi ya mwanzo pamoja na yale yaliyosikika. Leo kiko kwenye intaneti, katika hazina ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa Amsterdam, na kukisoma ni bure. Mwambie mwanao akutafutie kwenye simu, kisha ukisome kwa sauti, polepole, mlango ukiwa wazi kama unapenda. Wewe unayeongea na wateja kutwa nzima utakielewa haraka kuliko msomi wa Dar es Salaam.

Na kwa jioni ambayo hutaki maandishi mengi, tafuta picha za Tshibumba Kanda Matulu. Huyu alikuwa mchoraji wa hapa, na katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yote katika picha zipatazo mia moja, akimweleza Fabian kila moja kwa Kiswahili. Maelezo hayo nayo yaliandikwa. Hakuwa profesa, na mahali pengine anachora lile ambalo watu walilisema, si lile lililothibitishwa. Mimi nadhani ndiyo sababu anafaa, mradi umsome ukijua hivyo.

Hapo tumefika kwenye swali lako la pili, la ukweli, na hili sitaki kulipita mbio. Nikupe mfano wa karibu, kifo cha Msiri.

Jambo ambalo pande zote zinakubali ni hili. Msiri, mfalme wa Bayeke, ambao asili yao ni Unyamwezi, alitawala Garenganze toka Bunkeya. Mwaka 1891 ikafika misafara ya Wazungu, na mmoja wao, ulioongozwa na Kapteni William Stairs, ulikuwa umetumwa ili nchi iwekwe chini ya bendera ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Msiri hakukubali kunyenyekea. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson, Mbelgiji wa msafara huo, alimpiga risasi akafa, na Bodson naye akauawa palepale na watu wa Msiri.

Lakini nani alianza? Msiri alikuwa ameshika nini mkononi? Mwili wake ulifanywa nini baadaye, na kichwa je? Hapo kila mmoja ana lake. Daktari wa msafara, Joseph Moloney, alitoa kitabu Uingereza mwaka 1893. Kwa upande wa Bayeke kuna masimulizi ya Mukanda Bantu, mwana wa Msiri aliyeshika kiti baada yake. Ukivisoma vyote viwili, jiulize mambo matatu. Alikuwapo? Moloney alikuwa Bunkeya, lakini risasi ilipolia yeye na Stairs walikuwa kambini. Lile la uani kwa Msiri aliambiwa. Alikula kwa nani? Moloney alilipwa na msafara, kwa hiyo usitegemee aandike kwamba wenzake walikuwa wauaji. Alisema mbele ya nani? Na hapa usimwonee Mzungu peke yake: Mukanda Bantu alitawala kwa ruhusa ya haohao waliomuua baba yake, na mtu wa namna hiyo hupima maneno. Panapofanana maneno ya watu wawili wenye sababu tofauti za kuficha, hapo simama kwa miguu yote. Panapotofautiana, andika daftarini majina yote mawili, uendelee mbele.

Kuna wakati ukweli unatoka kwenye karatasi. Mwaka 1961 serikali ya Tshombe, ya Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, ilitangaza kwamba Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi, alitoroka akauawa na wanakijiji. Wakubwa wetu wengi hawakuliamini neno hilo hata siku moja, lakini kutoamini si ushahidi. Ludo De Witte, Mbelgiji, alipekua nyaraka na kutoa kitabu mwaka 1999, kikatoka kwa Kifaransa mwaka 2000, akionyesha hatua kwa hatua jinsi Lumumba na wenzake wawili, Mpolo na Okito, walivyopigwa risasi usiku wa 17 Januari 1961, si mbali na mji wetu, na wakubwa gani wa Ubelgiji waliohusika. Bunge la Ubelgiji likaunda tume, na mwaka 2001 tume hiyo ikasema kwamba baadhi ya mawaziri na Wabelgiji wengine wana dhima ya kimaadili. Jino la Lumumba liliporudishwa mwaka 2022 lilipitishwa Shilatembo, mahali alipouawa. Kitabu cha De Witte kina majina mengi na telegramu nyingi, usikianze mapema. Ila tazama tu jinsi anavyofanya: kila dai kubwa ameliegemeza kwenye hati unayoweza kwenda kuitafuta. Mwandishi asiyekuonyesha alikotoa habari zake, hata kama anaandika vizuri namna gani na hata kama anasema unayoyapenda, mweke pembeni.

Watu watakuambia uanze na kitabu cha Mmarekani Adam Hochschild juu ya Leopold, au cha David Van Reybrouck kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 2012. Vyote viwili vinasomeka kwa raha, hasa cha Van Reybrouck, ambaye aliwahoji Wakongo wengi wa kawaida. Usivikatae. Lakini Hochschild anakaa sana kwenye nchi ambako watu walilazimishwa kuvuna utomvu wa mpira, na babu yako hayumo. Ukianza naye utalia, utakasirika, kisha utafunga kitabu ukidhani umemaliza historia. Ngoja upate mizizi ya hapa kwanza.

Kama una hamu ya Kiswahili cha zamani, mtafute Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakatolewa mara ya kwanza mwaka 1902 na 1903, na humo anasimulia bila aibu jinsi alivyowadanganya watu wa Utetela kwamba ni mjukuu wao, mpaka akapewa utawala. Msome huku ukikumbuka kwamba waliofungwa minyororo hawakuandika chochote.

Vitabu hivi havipatikani sokoni kwa urahisi, na vipya ni ghali. Jaribu maktaba ya Institut français pale Halle de l'Étoile, na maktaba ya Chuo Kikuu. Ukikwama chuoni, mtafute mwanafunzi wa historia mtaani kwenu akusomee humohumo au akuazimie. Jumba la Makumbusho la Taifa nalo ni la kwenda na watoto kabla hamjafika kwenye sura za Msiri.

Juu ya mwanao: usigombane naye, na usijisifu kwamba umeacha tele, maana hakuna kinachochosha watoto kuliko hicho. Mechi ya Mazembe akaitazame kwa jirani. Wewe mpe kazi moja: jioni akusomee ukurasa mmoja wa Kifaransa, kisha wewe uwaeleze wadogo zake kwa Kiswahili kilichosemwa. Ukiona huwezi kueleza, mrudie ukurasa huo kesho yake pamoja. Kama yuko sekondari, historia hiyo ataikuta kwenye mtihani wa serikali, kwa hiyo hana cha kulalamika.

Ukilipata buku la kazi la babu, niandikie jina la kambi na mwaka. Kama alikuwa hapa mjini, fuata njia niliyokupa. Kama alikuwa Kipushi, Likasi au Kolwezi, nitakuelekeza kurasa nyingine za kuanzia.